Mama Jeanne na bia mbili za jina moja

Saa tatu asubuhi, jua la mtaa wa Hewa Bora limeshafika kizingitini mwa baa. Jeanne Mujinga anakokota kreti za bia kuelekea kivulini kabla halijazigusa chupa. Anachukua chupa moja, anasoma tarehe, anaifungua, ananusa. Ndipo anaonja.

"Bière iko sawa na maziwa," anasema. "Jua ikiipiga, inakufa. Hata kama ilitoka mbali namna gani."

Katika baa yake, mama huyu wa miaka arobaini na saba anauza bia mbili zenye jina moja, Lindaal. Moja huletwa kutoka Ulaya. Nyingine hupikwa hapa hapa Lubumbashi, kwa ruhusa ya wenye jina. Ya Ulaya ni faranga elfu sita. Ya hapa, elfu tatu na mia tano. Kwa miaka mingi wateja waliapa kwamba ya hapa ni maji yaliyotiwa rangi.

"Banasema ya Bulaya ndiyo yenyewe, ya huku ni photocopie," anasema huku akitabasamu.

Kumdanganya Jeanne kwa bia si kazi rahisi. Baba yake alitoka Kasai kufanya kazi ya reli, naye Jeanne alipofika miaka ishirini alipata kibarua katika kiwanda cha bia, kuchambua chupa zilizorudi. Mzee Paulin wa maabara, ambaye leo amestaafu, aligundua kwamba binti huyo alitambua chupa mbovu kwa harufu tu. Akaanza kumwita aonje.

"Miaka minne alinifundisha. Aliniambia: mwanangu, jina halina ladha."

Maneno hayo yalipimwa mwezi wa nane mwaka jana. Gauthier, mwenye malori anayeishi mtaa wa Karavia, alikuwa akimwoza binti yake, Tracy. Aliagiza kreti thelathini za Lindaal ya Ulaya. Hakuna mteja aliyewahi kumpa Jeanne kazi kubwa kama hiyo.

Mzigo ulifika siku sita kabla ya harusi. Jeanne alifungua chupa moja, akanusa. Ilinuka karatasi iliyolowa. Akajaribu ya kreti nyingine, na nyingine tena. Bia ilikuwa imekaa wiki nyingi njiani na kwenye foleni ya mpakani, juani.

Angeweza kunyamaza. Badala yake alimpigia Gauthier aje.

"Mama Jeanne, bakwe yangu batanicheka," Gauthier alisema alipoambiwa. "Nitabapa bière ya huku, kama muntu hana kitu?"

"Papa Tracy, onja kwanza."

Akamimina glasi tatu jikoni, akazileta bila chupa. Mbili zilikuwa za Ulaya, moja ya hapa. Gauthier akaonja zote taratibu, akashika ya katikati. "Hii ndiyo ya Bulaya." Ilikuwa ya hapa. Akaomba zimiminwe upya, mpangilio ubadilishwe. Akachagua ile ile ya hapa.

Aliweka glasi chini. Kisha akainama na kusema kwa sauti ya chini: tuimimine hii katika chupa za Ulaya, nani atajua?

"Nilimuambia, Papa, mi niko nauzisha bière. Sitauzisha bongo," Jeanne anakumbuka. Bongo, kwa Kiswahili cha hapa, ni uongo.

Gauthier aliondoka bila kuaga. Siku mbili zilipita bila habari. Mume wake Jeanne, Antoine, mwalimu, alimuuliza kama heshima hiyo italisha nyumba.

Siku ya tatu alikuja Martine, mke wa Gauthier. "Lete ya hapa," alisema, "ndani ya chupa yake."

Jeanne alikwenda harusini kuhudumia. Wakwe walipoinua chupa kusoma maandishi, Gauthier alisimama mwenyewe. "Muisome vizuri. Inapikwa mu muji yetu, na batoto betu." Mjomba wa bwana harusi akaonja, akaongeza glasi. Kabla ya saa kumi na mbili jioni kreti zote thelathini zilikuwa tupu.

Hasara ilikuwepo. Muuzaji wa jumla alikubali kurudishiwa nusu tu ya mzigo ulioharibika. Iliyobaki Jeanne aliimwaga mtaroni. "Iliniuma sana," anakiri. Lakini leo, kwa kila chupa kumi za Lindaal anazouza, saba ni za hapa, na ya Ulaya anaagiza kidogo kidogo ili isizeeke.

Sasa macho yake yako Pweto, mji ulio kando ya Ziwa Mweru, ambako anasema bia hufika imechoka. Malori yanayofuata samaki wakavu hupanda kule matupu. Amekwisha kuzungumza na dereva mmoja, Chileshe, wapakie kreti mia moja mwezi ujao, chini ya turubai nene, na wasafiri jua likiwa limepoa.

"Bantu ba Pweto nabo biko na ulimi," anasema, akikunja turubai jipya alilonunua juzi. "Banywe bière ingali nzima. Kisha baseme benyewe ni gani iko muzuri."