Matawi Aliyoyakata Mtabiri

Kwenye idara yetu ya kemia yuko dada tuliyempa jina la Mtabiri. Ni mkemia ambaye kwa miaka sita hajaosha chupa hata moja. Kazi yake ni kukaa ghorofani na kuiuliza kompyuta: molekuli mbili zikikutanishwa na paladi, metali inayochochea muungano, zitaungana upande wa kushoto au wa kulia? Kompyuta hujibu. Mimi fundi wa maabara nabaki chini na kazi ndogo tu ya kupika kitu chenyewe.

Tasnifu yake ya uzamivu ilisema kushoto. Chupa yangu ikasema kulia.

"Kaka, vyombo uliviosha vizuri lakini?" akaniuliza, kwa upole wa kumbembeleza mgonjwa.

Nikaosha, nikarudia mara kumi na moja. Kulia. Chupa yangu, bila shaka, haikuwa imesoma tasnifu. Zilibaki wiki nne kabla hajaitetea mbele ya watahini, na sura nzima ya nne ilisimama juu ya hiyo kushoto.

Basi nikapanda ngazi nikauone huo utabiri. Kwenye skrini paladi ilikaa karibu uchi. Nikamwuliza yako wapi yale matawi makubwa ya molekuli yanayoshikamana nayo na kuizunguka kwenye chupa yangu, yale yanayoninukia mpaka kwenye shati.

"Niliyakata. Profesa anayenisimamia alisema hayana kazi, yanachelewesha hesabu tu."

Hayana kazi. Kumbe mwenzangu alikuwa amepima kama kochi litapita mlangoni kwa kupima mto wake.

Akayarudisha. Kompyuta ikanguruma siku kumi na tisa, mwishowe nayo ikasema kulia. Matawi ndiyo yaliyoziba njia ya kushoto. Profesa akamshauri anyamaze. Sura iende ilivyo, nani atajua? Nilimwonea huruma, na mimi sina mazoea ya kuwaonea huruma watu wa ghorofani.

Siku ya utetezi alifungua sura ya nne mwenyewe.

"Hii si sahihi. Nilikata matawi."

"Nani alikuruhusu?" mtahini akauliza.

Profesa akaanza kuikagua feni ya dari kwa makini ya kitaaluma.

"Niliyakata mimi," alisema Mtabiri. Wakamwongezea mwaka mzima.

Kesho yake alishuka maabara, akakunja mikono ya blauzi, akauliza sponji iko wapi. Aliosha chupa kumi na moja. Zote ilibidi nizioshe upya, ila nilingoja kwanza aondoke.