Walikutana Siku ya Sabato

Nilizaliwa karibu na Nyamache, upande wa Kisii, nikaolewa Sironga, upande wa Nyamira. Kwa mtu asiye wa huku hilo si neno. Kwa mwanamke anayetafuta kura, ni balaa. Nilipokwenda kwetu Nyamache kuomba kuungwa mkono, wazee waliniambia kwa upole kwamba binti akishatolewa mahari si wao tena, nikaongoze huko nilikoolewa. Nilipofika huko nilikoolewa wakaulizana mbele yangu, kwa Ekegusii, lugha yetu sote, kama vile mimi ni Mjaluo nisiyeisikia, "Huyu alitoka wapi hata atutawale?"

Wakati huo nilikuwa nimewazalisha wake zao na mabinti zao kwa miaka mingi. Hapakuwa na boma ambalo sikuwa nimeshika mtoto wake kabla mama yake hajamshika. Hawakuniuliza nilikotoka siku hizo.

Sikuwa nimepanga kuwa mwanasiasa. Nilikuwa daktari wa akina mama katika hospitali kubwa ya serikali. Tulikuwa na jokofu la kuhifadhi damu ambalo liliharibika mvua zikianza, na mvua zilipokwisha lilikuwa bado limesimama pale kama kabati. Tuliandika, tukapiga simu, tukaambiwa linashughulikiwa. Ndipo akaletwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Alijifungua salama, halafu akaanza kuvuja damu. Nilifanya yote niliyofundishwa. Damu ilitafutwa hospitali nyingine, ikaletwa kwa gari, ikafika wakati mwalimu hayupo tena wa kuipokea. Mama mkwe wake alisimama mlangoni mwa wodi akaniuliza, "Daktari, damu inakosekanaje hospitali?"

Muda si mrefu baadaye nilialikwa kwenye redio moja ya lugha yetu kuzungumza juu ya kunyonyesha watoto. Msikilizaji mmoja akapiga simu akauliza kuhusu yule mwalimu. Ningeweza kusema hayo si mada ya leo. Nilisema jokofu limeharibika na wakubwa wanajua. Basi. Juma lililofuata nikapewa barua ya uhamisho kwenda kaunti ya mbali ambako sijui hata wanasalimianaje. Nikaacha kazi. Nikakodi vyumba Nyakoe, karibu na soko, nikafungua kliniki.

Aliyekuja na wazo la chama ni shemeji yangu. Yeye na bwana yangu ni watoto wa ndugu wawili. Alikuwa mwalimu mkuu aliyestaafu, mzee wa kanisa letu la Sironga, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kunyamazisha mabweni. Aliingia kliniki jioni moja wagonjwa wakiwa wameondoka, akaketi kwenye benchi lao.

"Mke wetu," akasema, maana ndivyo alivyoniita siku zote, "watu wanakutaja kila mahali. Ukiingia chama cha mtu, atakufunga mdomo. Tuanzishe chetu."

"Mimi najua kupasua na kushona, shemeji. Chama sikijui."

"Mimi nitakijua. Wewe sema tu ukweli kama ulivyosema redioni."

Chama kilizaliwa kwenye benchi lile. Yeye aliandika katiba yake, mimi nikawa kiongozi, yeye katibu mkuu. Alama tulichagua kikapu cha kuchumia majani chai, kwa sababu huku kila mtu amewahi kukibeba mgongoni au amelelewa na aliyekibeba. Sisi wawili ni Wasabato, na wengi wa wanachama wa kwanza pia. Yeye mwenyewe ndiye aliyeweka desturi kwamba hatutakutana Jumamosi. "Chama hiki kitafunga Sabato kama duka," alisema, tukapiga makofi. Mgonjwa akiniita Sabato naenda, kwa sababu maisha ni maisha. Lakini siasa, hapana. Kila mtu alilijua hilo kunihusu.

Lazima niseme pia kwamba alinitetea. Kwenye mkutano mmoja karibu na mji wa Nyamira, vijana walipoanza kuimba nirudi kwetu, alininyang'anya kipaza sauti. "Huyu ni mke wetu!" alifoka. "Aliyeolewa hapa amezaliwa hapa! Nani kati yenu hakushikwa na mikono hii?" Wakanyamaza. Nilimpenda siku ile kama kaka wa tumbo moja. Ndiyo maana bado nina uchungu. Adui angenifanyia yale, ningelala usingizi wangu.

Kiti cha ubunge nilikikosa. Walionipigia makofi mchana walimpigia mwingine kura. Lakini chama hakikufa. Tulipata wawakilishi wadi kadhaa, Kisii na Nyamira, na kwenye mabunge ya kaunti hizo mbili hakuna upande uliojitosheleza. Kwa mara ya kwanza wakubwa walilijua jina letu. Wakaanza kuja, magari yenye vioo vyeusi, wakitaka kikapu chetu kiwekwe kwenye gari lao. Niliwaambia hapana. Nilisema sikuacha kazi ya serikali kwa ajili ya jokofu bovu ili nirudi kuwapigia makofi walioliacha likae bovu. Wawakilishi wetu walitazama viatu vyao. Shemeji alisema, "Mke wetu amesema," na mkutano ukaisha.

Majuma machache baadaye nilikuwa kanisani Sironga siku ya Sabato. Niliona kiti cha shemeji jukwaani kiko tupu. Mke wake alikuwepo, ameketi mbele yangu, hakugeuka hata mara moja. Tulikula chakula cha pamoja chini ya turubai, tukarudi kwa kipindi cha mchana. Simu yangu ilikuwa imezimwa kama Sabato zote. Jua lilipotua tukafunga Sabato nyumbani kwa wimbo na sala, ndipo bwana yangu akawasha yake. Alisoma, akaiweka mezani.

"Wamekutoa," akasema.

"Wapi?"

"Kwa chama. Wamekutana leo hoteli mjini Kisii. Wajumbe wote. Wewe si kiongozi tena, na chama kimeingia serikalini."

Nilimpigia shemeji. Alipokea haraka, kama aliyekuwa akisubiri.

"Shemeji, leo ilikuwa Sabato."

"Najua, mke wetu."

"Mlichagua Sabato ili nisiwepo."

"Wewe mwenyewe huingia thieta kupasua wagonjwa siku ya Sabato," akasema bila kupandisha sauti. "Unatuambia kuokoa maisha si kuvunja amri. Sisi pia tulikuwa tunaokoa maisha ya chama. Ungekuwepo, kingekufa."

Nimewahi kutukanwa jukwaani, nimeitwa malaya na tasa siku moja na watu wale wale, mimi mwenye watoto wanne. Hakuna lililoniuma kama hilo. Alichukua jambo ambalo nilikuwa nimempa kwa kuaminiana, imani yangu na kazi yangu, akalitumia kunitoa nje.

Nilikwenda Nairobi na wakili, kwenye mahakama ya migogoro ya vyama. Tukaambiwa mkutano uliitishwa kihalali, tangazo lilikuwa gazetini, kwenye kurasa za ndani ambazo Sironga hakuna anayezisoma. Katiba iliruhusu. Katiba aliiandika yeye, nami niliitia sahihi nikiwa na furaha. Wakili alisema tukate rufaa. Nilimwambia nimechoka, na nilikuwa nimechoka kweli.

Shemeji akapewa uenyekiti wa bodi ya shirika moja la serikali. Akaanza kuja kanisani na gari lenye dereva, dereva akimsubiri nje hadi mwisho wa ibada. Hakuna aliyemwondoa kwenye uzee wa kanisa. Walisema siasa ni siasa na kanisa ni kanisa.

Ikafika Sabato ya Meza ya Bwana. Sisi, kabla ya mkate na divai, hutawadhana miguu, wanaume peke yao, wanawake peke yao, kila mtu na mwenzake, ili asiwepo anayekula akiwa na kinyongo. Bwana yangu alibaki nyumbani. Alisema miguu yake iko sawa. Mimi nilikwenda. Nilikuwa nimeketi kwenye chumba cha akina mama nikingoja mtu yeyote, nikaona karai la maji ya vuguvugu linawekwa mbele yangu. Nikainua macho. Alikuwa mke wa shemeji.

Alipiga magoti, akanivua kiatu kimoja, kisha kingine.

"Dada," akanong'ona, "nilijua siku tatu kabla. Aliniambia nisikwambie."

Akaniosha, akanipangusa kwa taulo yake. Ikawa zamu yangu. Mwanamke huyu nilimzalisha kitinda mimba wake, alikuja akiwa na presha ya kuua, nikakesha naye. Nilishika miguu yake nikaiosha vizuri, hata katikati ya vidole, kama ninavyomwosha mgonjwa. Desturi ni kwamba mkimaliza mnakumbatiana na kuombeana. Nilisimama nikamwaga maji.

"Umenisamehe, dada?" akauliza.

"Nimekuosha," nikamwambia.

Akalia, na wenzetu wakaanza wimbo wakidhani ni Roho. Sikwenda kula mkate siku ile. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikapita kando ya mashamba ya chai hadi nyumbani. Siku hizi nasali kanisa lingine, karibu na kliniki.

Ningekuwa nimezoea kama ingekuwa ni hayo tu. Lakini picha yangu bado iko kwenye kuta sokoni Nyamache na kwingine, mimi na kikapu, na chini yake jina la chama ambacho sasa kinapitisha kila kinacholetwa. Walionifuata hawakusoma gazeti wala kufuata kesi. Walichoona ni kikapu kimeingia serikalini na uso wangu uko juu yake.

Juzi alikuja mama muuza ndizi wa hapo Nyakoe. Wakati wa kampeni huyu aliimba hadi sauti ikamkauka, akaniombea kura kwa kila aliyenunua mkungu kwake. Nilimfunga kipimo cha presha mkononi. Ilikuwa juu.

"Daktari," akasema, akitazama mpira unavyojaa upepo, "hao watu walikupa nini?"

"Hawakunipa kitu, mama. Walinitoa. Mimi nilikataa."

Alicheka, bila ubaya, kama mtu anavyomchekea mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

"Sawa. Hata kama ni mimi ningesema hivyo."

Nilianza kumweleza habari za hoteli, na Sabato, na katiba. Nikaona macho yake yamekwenda dirishani, anaangalia ndizi zake alizomwachia jirani. Nikaacha. Nikamwandikia dawa, nikamweleza apunguze chumvi.

Alipofika mlangoni akageuka. "Dawa zako nitazinywa, Daktari. Wewe ni daktari mzuri. Lakini kura yangu hutaiona tena."

Nikamwambia arudi mwezi ujao tupime tena, nikamwita mgonjwa aliyefuata.