Utumbo wa Mbuzi Aliyevunjika Mguu

Nilipokuwa mtoto, katika ujirani wetu wa Nakwa utumbo wa mbuzi ulisomwa kwanza, ukaoshwa baadaye. Wazee walioteremka kutoka nyanda za juu za Mbulu walikuja na elimu hiyo pamoja na majembe yao, na hakuna aliyeiona kuwa ajabu. Mnyama akishachinjwa, ule utando wa mafuta unaoshikilia utumbo ulitandazwa juu ya ngozi, na mzee mmoja akainama kuifuata mishipa yake kwa ncha ya kijiti. Mishipa ilikuwa njia za watu wa nyumba ile. Doa jeusi lilikuwa kaburi. Mshipa uliofifia kabla ya kufika ukingoni ulikuwa mtu asiyefika anakokwenda. Wazee wakimaliza, ndipo akina mama walipoupokea utumbo, wakaugeuza ndani nje, wakauosha, wakaujaza nyama iliyokatwakatwa pamoja na mafuta, vitunguu na chumvi, ukachomwa polepole juu ya makaa.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya chakula kilichoandaliwa juzi uani kwangu, hapa Maisaka. Binti yangu Neema, aliyekuja likizo, aliona joto limezidi mno kwa mtu kukaa jikoni. Akaweka wavu wa chuma juu ya jiko la mkaa, akapanga soseji alizonunua mjini, na kando yake pilipili hoho, vitunguu vya mapande, karoti na bilinganya, vyote vimepakwa mafuta kidogo. Aliniambia kwamba siku hiyo hatusumbuki, muda mfupi tu tutakuwa tunakula, na alisema kweli. Nilipopewa soseji yangu niliigeuza kwa uma kabla ya kuikata. Ilikuwa laini pande zote, haina mshipa wala doa. Neema akauliza kama haijaiva. Nikamjibu kwamba imeiva, nikaanza na mboga.

Mimi ni mtu wa kupima mambo. Nilisomea takwimu chuo kikuu, na maisha yangu yote ya kazi niliyatumia katika ofisi ya mipango, nikitafuta ni kipi kilichosababisha kipi. Kwa hiyo nitalieleza jambo hili kwa mpangilio wake: kwanza nililoliona nikiwa mtoto, kisha nililokuja kulielewa nikiwa mtu mzima. Mambo hayo mawili hayalingani, na katikati yake ndipo alipokaa mama yangu.

Baba alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri. Alikuwa mpole, mcheshi, na mkali juu ya jambo moja tu: mambo ya kale hayakuruhusiwa kuvuka kizingiti chake. Bibi, yaani mama yake mzazi, aliishi nasi. Alikuwa amejifunza kusoma utumbo bila kufundishwa, kwa kumshikia baba yake ngozi alipokuwa msichana, ingawa kazi hiyo ilikuwa ya wanaume na yeye hakuwahi kuifanya mbele ya watu. Alipobatizwa, Baba alimwomba aiache kabisa, naye akaahidi. Mama alikuwa kati yao wawili, akicheka na wote. Alikuwa mjamzito, na mimba ilikuwa imekaribia siku zake, ingawa hakuna aliyeitaja. Katika nyumba yetu mimba haikutajwa; ilisubiriwa.

Kiangazi kile kilikuwa kikali. Mama alikuwa akilalamika kwamba moshi wa jikoni unampiga kichwa, na siku kadhaa alikuwa amepika huku kitambaa chenye maji kimefungwa kwenye paji la uso. Jumamosi moja mbuzi wetu jike alitumbukia kwenye mtaro, akavunjika mguu. Baba hakuwa na mpango wa kuchinja, lakini hapakuwa na jingine la kufanya. Akamchinja mchana, akamwaga damu yote ardhini kama alivyozoea, kisha akatangaza kwamba jioni hiyo hakuna kupika ndani. Tungechoma nje, chakula chepesi, Mama apumzike na moshi. Mimi nilitumwa kwenye bustani ya Mama kuchuma nyanya na bilinganya, na vitunguu na viazi vitamu vikachukuliwa ghalani vizikwe kwenye majivu ya moto. Nakumbuka furaha yangu. Kwa mtoto, kula nje ni sikukuu.

Kazi ya kuosha utumbo aliichukua Bibi. Aliutandaza juu ya ngozi nyuma ya nyumba, nami nikachutama mkabala wake nikisubiri kupewa kibofu cha mbuzi nikipulize kiwe mpira. Alikaa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Hakuwa na kijiti. Alifuata mishipa kwa kidole. Kisha alinyanyua uso, lakini hakuutazama utumbo tena. Alimtazama Mama, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda karibu na moto, miguu ameinyoosha mbele yake.

Bibi akasimama, akaenda moja kwa moja hadi kwa Baba aliyekuwa anapanga mawe ya kuchomea.

"Baba Elibariki," alimwita kwa jina langu, kama ilivyo desturi, "mama huyu asilale hapa leo. Apelekwe mjini, hospitali."

Baba alidhani anatania. Alimuuliza kumetokea nini. Bibi akanyoosha kidole kuelekea nyuma ya nyumba.

"Njia imekatika."

Naweza kusema kwamba nilimwona Baba akifunga mlango usoni pake. Hakupandisha sauti. Alimkumbusha mama yake ubatizo wake, akamkumbusha ahadi yake, kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda amani, akajaribu kuliondoa jambo lile kwa kicheko.

"Mama, mbuzi huyu kama angekuwa anajua ya kesho, angeuona mtaro wa leo."

Mama alicheka. Alicheka huku ameshika kichwa kwa mikono miwili, akamwambia Bibi kwa upole kwamba asihangaike, siku zake bado, na safari ya mkokoteni gizani ingemchosha zaidi. Bibi alisema tena, safari hii taratibu, kwamba njia imekatika, apelekwe. Baba akasema basi, yameisha. Hospitali haikuwa mbali. Tungeweza kufika kabla usiku haujawa mkubwa. Hapo ndipo hesabu yangu inaponiuma kila ninapoirudia: umbali haukuwa tatizo, wala ng'ombe wa kuvuta mkokoteni hawakukosekana.

Bibi alikataa kuujaza utumbo ule. Alikwenda kuketi mlangoni, ametupa mgongo. Basi Baba, ili kutuonyesha kwamba ni nyama kama nyama nyingine, aliuosha mwenyewe, kazi ambayo sikuwa nimewahi kumwona mwanamume akiifanya, akaujaza mwenyewe, vibaya, ukapasuka mahali pawili juu ya makaa na mafuta yakawasha moto. Mama alimtania kwamba mahubiri anayaweza, jikoni bado. Baba aliukata, akampa kipande cha kwanza. Mama alikula kidogo, akaomba nyanya iliyochomwa kwa sababu nyama haikushuka.

Giza lilipoanza kuingia Mama aliniambia vimulimuli ni wengi leo. Nilitazama kila upande, sikuona hata mmoja. Nikadhani anazungumzia cheche za moto, nikamwambia ndiyo, ni wengi.

Nitapita haraka hapa. Kabla hapajapambazuka niliamshwa na sauti ya kitanda kikigonga ukuta. Mwili wa Mama ulikuwa unatetemeka na hakuwa anasikia alipoitwa. Mkokoteni ulifungwa wakati huo. Mama hakurudi kutoka hospitali, wala mtoto aliyekuwa tumboni hakurudi.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike. Majirani waliokuja matangani walikuwa wameshasikia. Habari ilikuwa fupi na haikuhitaji maelezo: utumbo ulisema, mwinjilisti akaucheka, kisha akaula. Hakuna aliyemlaumu usoni. Walimshika mkono, wakamwambia Bwana ametoa na Bwana ametwaa, lakini walipotoka uani waliongea mengine. Baada ya muda wakaanza kumletea Bibi utumbo wa mbuzi wao, wamefunika kwa majani. Bibi aliwafukuza wote. Sikumwona akigusa utumbo tena, hata wa kupika.

Baba naye aliomba apumzishwe uinjilisti. Aliendelea kwenda kanisani, akikaa benchi la nyuma karibu na mlango. Nadhani alikuwa amebanwa kati ya mawazo mawili, na lolote alilochagua lilimwangusha. Kama mbuzi alisema kweli, basi miaka yote alikuwa amewahubiria watu uongo. Kama hakusema kweli, basi kwa nini mkewe alikufa? Hakupata mtu wa kumuuliza. Mimi niliona anakonda, nikaona hatanii tena, na nilikua nikiamini, kama kila mtu wa Nakwa, kwamba mama yangu aliandikwa ndani ya mnyama.

Niliiamini habari hiyo hadi chuo kikuu, na hata baada ya chuo, ingawa nisingethubutu kuikiri mbele ya wenzangu. Kisha nikaoa. Mke wangu alipokuwa mjamzito nilimsindikiza kliniki, na muuguzi, mama mmoja mnene mwenye haraka, akamuuliza maswali mbele yangu bila aibu yoyote. Kichwa kinauma? Miguu inavimba? Unaona kama nyotanyota zinapita machoni? Mke wangu alijibu hapana kwa kila swali. Mimi nilitoka nje, nikiwakumbuka vimulimuli wa jioni ile.

Likizo iliyofuata nilikwenda Nakwa. Bibi alikuwa amezeeka mno, haoni vizuri, lakini akili yake ilikuwa timamu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanipapasa uso kama kawaida yake. Nilisubiri Baba aende shambani ndipo nikamuuliza: jioni ile, ndani ya utumbo, aliona nini hasa?



"Niliona miguu ya mama yako," alisema.

Sikuelewa, nikamwomba aseme tena. Akaeleza kwa utulivu, kama mtu anayekumbuka kazi ya mikono. Miguu ilikuwa imejaa maji. Wiki ile Mama alikuwa akivaa makubazi ya Baba, kwa sababu yale yake mwenyewe hayakumwingia. Uso ulikuwa umevimba asubuhi. Yeye Bibi alikuwa amemwona dada yake akienda namna hiyo hiyo, miguu kwanza, kisha kichwa, kisha macho. Utumbo, alisema, ulikuwa utumbo wa mbuzi. Ulikuwa mzima. Njia zake zote zilifika.

Nikamuuliza swali ambalo msomaji naye anajiuliza. Kwa nini hakusema miguu?

"Mjukuu wangu, ningeanzaje? Mama hamwambii mwanawe habari za mwili wa mkewe. Ningeonekana nimemvua nguo. Utumbo ulikuwa na ruhusa ya kusema neno lolote, na wakubwa wakasikiliza. Baba yangu alisema kwa utumbo, watu wakahama kijiji. Nikachukua hiyo."

Basi hiyo ndiyo hesabu yenyewe, na nimeirudia mara nyingi nikitafuta kosa. Bibi alijua ukweli ulio wazi, unaoonekana kwa macho mchana. Kwa heshima aliufunika kwa lugha pekee ambayo kwake ilikuwa na nguvu ya kuwaamrisha wanaume. Lakini mwanamume aliyekuwa mbele yake alikuwa ameapa kutosikiliza lugha hiyo hiyo. Kama angesema miguu, Baba, ninavyomfahamu, angefunga ng'ombe kabla makaa hayajashika. Kama Baba angekuwa mpagani, angefunga ng'ombe kwa ajili ya utumbo. Mama alikufa kwa sababu nyumba yetu ilikuwa imefika katikati ya mto, mguu mmoja ukiwa ng'ambo hii na mwingine ng'ambo ile. Sioni pa kuweka lawama. Wote wawili walimpenda, na wote wawili walikuwa waaminifu kwa walichofundishwa.

Jioni ile Baba alirudi kutoka shambani, akanawa, akaketi karibu nami. Alikuwa ameona kwamba nimelia, au alikuwa ameijua siku nyingi safari yangu ni ya nini. Akaniuliza, bila kunitazama, kama Bibi ameniambia alichokiona.

Nilikuwa na muda mfupi wa kupima. Ukweli ungemwondolea mbuzi, na kumrudishia imani yake na benchi lake la mbele. Lakini ungemkabidhi makubazi yake mwenyewe, aliyoyaona kila siku ya wiki ile kwenye miguu ya mkewe. Niliutazama mgongo wake uliopinda. Nikamwambia kwamba Bibi amesema vilevile: njia ilikuwa imekatika.

Baba aliitikia kwa kichwa, polepole.

"Basi hakukuwa na la kufanya," alisema.

"Hakukuwa, Baba."

Alikula vizuri jioni ile kuliko nilivyomwona akila kwa miaka mingi. Alifariki akiwa na jibu hilo, na Bibi alimtangulia bila kumwambia lingine. Mimi jibu sahihi ninalo tangu siku ile, na wote waliolihitaji wamelala Nakwa.