Kompyuta yetu imeambiwa ilete mzazi

Wasee, leo kompyuta ya shule yetu imeambiwa ilete mzazi.

Niko saiba hapa Thika, naandika haraka kabla dakika nilizolipia mtandao ziishe.

Mnajua darasa langu la saba huweka insha zao zote kwa kompyuta, ndio tuone vile kila mtoto ameendelea tangu Januari.

Leo inspekta wa elimu akaja kuziangalia.

Nikafungua ya Wanjiru. Akatabasamu.

Ya Otieno. Akakunja uso.

Ya Halima. Akavua miwani.

"Mwalimu, huu wote ni mwandiko wa mtu mmoja!"

"Mzee, hiyo ni mashine. Huandika hivyo kwa kila mtu."

"Kwa hivyo unakubali ndiyo imewafanyia kazi?"

Ngai!

Akapatia darasa zima sifuri. Nikamwangalia mwalimu mkuu anitetee. Akakohoa, akasema hapa kwetu anayeandikia wenzake huleta mzazi.

Halafu wote wawili wakanigeukia. Si ni mimi nililia mpaka hiyo kompyuta ikanunuliwa?

Sasa kesho asubuhi naingia ofisini kama mzazi. Nishaurini: niiombee msamaha, ama niichape hapo hapo mbele yao waridhike?