Kioo Nilichokibandua

Nakumbuka asubuhi moja kule Urambo, mwanangu, nilishtuka, nikaketi kwenye matope. Wewe unayeunganisha nyaya za kipimo cha mwanga hapa mezani kwangu Ipuli, hebu acha kidogo unisikilize.

Nilikuwa binti mwenye majivuno. Mzee Kaseko, mtafiti wa mimea, alinifundisha kutengeneza kipimo cha mwanga kwa vifaa vya redio mbovu, tujue kama jani linapata mwanga wa kutosha kujitengenezea chakula. Juu ya jicho la kipimo, pale mwanga unapoingilia, aliniambia nibandike kipande cha kioo cha rangi. Kioo kile kilishusha namba, nami nilitaka kipimo changu kisome juu. Nikakibandua kimyakimya, nikakitia mkobani. Juani kilisoma vizuri tu, nikajiona fundi.

Mama Kalunde alikuwa ameotesha miche ya tumbaku chini ya migomba, jua lisiichome. Tegemeo lake la mwaka mzima lilikuwa pale kitaluni. Akaniuliza, "Binti, nipunguze majani ya migomba? Naona miche inarefuka tu, shina halinenepi." Nikapima. Namba kubwa! "Mama, mwanga upo tele. Kifaa hakidanganyi." Aliniuliza mara tatu, maskini, nami sikuinama hata kuitazama ile miche.

Wiki tatu baadaye nilirudi na Mzee Kaseko. Salaala! Miche yote ilikuwa imelala chini, imepauka, myembamba kama nyuzi. Mzee hakunigombeza. Alipekua mkoba wangu, akakitoa kile kioo, akakiweka juu ya jicho palepale chini ya migomba. Namba ikaporomoka karibu na sufuri.

"Kuna mwanga ambao macho hayauoni na mmea hauutumii," akasema. "Majani ya mgomba yanaupitisha, kioo kinauzuia. Sasa wewe ulipima chakula cha nani, binti?"

Nikaenda kwa Mama Kalunde, nikamwambia kosa ni langu.

"Nilikuuliza mara tatu," alisema, basi. Mwaka ule hakuuza tumbaku. Alipanda karanga, nami nikaenda kumlimia, na mpaka leo nikikumbuka naona aibu.

Mwanangu, kijaribu kifaa chako mahali kitakapofanyia kazi, kivulini na juani. Mkulima akikuambia anaona vingine, kiweke chini, piga magoti, tazama jani. Na ukikosea, nenda mwenyewe ukaseme.

Hicho kioo kimekaa sawa? Haya. Mungu akubarikie mikono, na akupe masikio.