Mstari wa René

Watu walikuja kwenye kilio cha René wakaondoka wakisema mjane wake ana nguvu. Walimaanisha kwamba hakulia. Eugénie alikaa kwenye godoro lililotandikwa sakafuni, miguu ameinyoosha, kitenge begani, akiitikia pole kwa sauti ileile anayoitikia hodi. Nguvu hakuwa nazo, mtu asidanganywe. Alikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, ni wako, lakini ukiugusa hauna habari.

Mumewe alikuwa fundi cherehani hapo Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, mtu wa pande za Uvira kule Kongo, mpole, mpenda maongezi. Wateja wake wazuri walikuwa Lilongwe. Mara kwa mara alipanda minibasi na mfuko wa nguo zilizokwisha kupigwa pasi, akashuka jijini na kutembea nyumba hadi nyumba. Siku ile alikwenda Mtandire, pembezoni mwa jiji, ambako nyumba zimesongamana hadi njia zimebaki vichochoro visivyo na majina. Akaanguka njiani. Watu wasiomjua wakampakia kwenye kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, wakamkimbiza hospitali, kisha wakarudi kwenye shughuli zao. Daktari alisema ni presha. Eugénie alipewa viatu, mfuko wa nguo, na saa. Simu haikuonekana tena.

Saa yenyewe ilitoka Kanada. Sindayigaya, Mrundi aliyekuwa jirani yao kabla ya kuhamishiwa huko, aliituma kwa mkono wa mchungaji mmoja. Ilikuwa saa ya wanamichezo, nyeusi, mkanda wa mpira, inayohesabu hatua na kupima mapigo ya moyo, na inayojua kwa setilaiti mahali ulipo. René hakuwa mwanamichezo. Mbio zake zote zilikuwa za kuwahi minibasi. Lakini aliipenda saa ile kupita kiasi. Akishuka jijini alibonyeza kitufe, na jioni akirudi alimwonyesha mkewe kioo chake kidogo, ambamo mstari mwembamba wa rangi ya chungwa ulichora njia yote aliyopita.

"Eugénie, angalia. Leo nilipita huku, nikazunguka huku, nikatokea huku."

"Bengine banapewa saa baangalie wakati," Eugénie alimjibu akisonga nsima, ugali wa huko. "We unaangalia miguu yako."

René alicheka, akaendelea kueleza. Alisema saa ina ujanja mwingine: ukichagua mstari wa zamani, mshale unakuongoza uupite tena, hatua kwa hatua. Ili kuthibitisha, alijiongoza kwa mshale hadi bombani na kurudi, njia ambayo angeweza kuipita amefumba macho, na majirani wakamcheka mpaka basi. Eugénie hakutoka kumwona. Alikuwa na chungu motoni.

Kwenye kilio aliivaa yeye, juu kidogo ya kiwiko, chini ya mkono wa blauzi. Hakuna aliyemwambia aivae wala aivue. Kila akikaa kitako muda mrefu, saa ilimtetemesha na kumwandikia kwa Kifaransa kwamba asimame atembee. Na mjane wa ukoo wa René hatembei; anakaa chini mpaka siku ya kumaliza kilio. Mama Arlène, shangazi yake René, aliyekuwa akilala naye chumbani, aliona mkono unaruka.

"Ile kitu inatafuta nini?"

"Inasema nitembee, mama."

"Utembee uende wapi? Haione kama umefiwa? Saa haina hata adabu!"

Wanawake wakacheka kidogo, kicheko cha kilioni, kinachoanza na kujikatisha chenyewe. Eugénie naye alinyanyua midomo kwa sababu wengine walifanya hivyo.

Alasiri moja wanawake walipokuwa nje kwenye masufuria, alibaki peke yake na akabonyeza vitufe kwa kubahatisha, hadi mstari wa mwisho ukajitokeza. Ulianzia stendi, ukaingia Mtandire, ukapinda mara nyingi. Kisha palikuwa na fundo dogo, kama uzi unapojikunja chini ya sindano ya cherehani. Baada ya fundo, mstari ulinyooka kwa haraka hadi hospitali. René hakuwahi kubonyeza kuizima safari, na saa iliendelea kuichora naye akiwa amebebwa, mpaka huko hospitali walipomvua na kuizima. Eugénie alitazama lile fundo mpaka kioo kikazimika. Hapo penye fundo ndipo René alipoanguka. Hakuna mtu Dzaleka nzima aliyepajua mahali hapo, na waliompakia kwenye kabaza hawakuacha hata jina.

Basi kwa mara ya kwanza tangu mazishi alitaka kitu. Alitaka kwenda kusimama pale. Hakuwa na la kufanya akifika. Hakutaka kuomba wala kuweka ua. Alitaka tu ajue kama palikuwa na kivuli, kama ni mlangoni pa mtu au pembeni ya mtaro, kitu gani René alikiona mwisho. Kilio kikiisha, atachagua mstari, mshale utamwongoza, atafika. Kila siku aliutazama mstari mara moja, kisha akaifunika saa. Hakujaribu kuzikariri kona zake. Kulikuwa na haja gani, wakati saa inazijua?

Siku ya kumaliza kilio ikafika. Kwa ukoo wa René, vitu vya marehemu hufuliwa asubuhi na kugawiwa mchana, maana mtu harithi kitu kikiwa bado na jasho la aliyekufa. Mashati yalianikwa, suruali zikaanikwa, hata kofia. Mama Arlène akanyoosha kiganja.

"Na saa, mama. Ya Gaspard njo hiyo."

Gaspard alikuwa mdogo wake René, fundi wa simu pale sokoni, kijana wa watu asiye na neno baya na mtu. Eugénie angeweza kusema. Maneno yenyewe yalikuwa machache: niachieni siku moja, kuna mahali nataka inipeleke. Lakini mjane anayeng'ang'ania kitu siku ile husemwa mwaka mzima kwamba alimpendea mume mali, na kusema kwenyewe kulimshinda. Ulimi ulikuwa mzito mdomoni kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Akafungua mkanda, akaitoa. Kesho nitamwomba Gaspard, alijiambia. Gaspard hawezi kunikatalia.

Kesho yake Gaspard alikuja mwenyewe, saa mkononi inang'aa.

"Shemeji, ona vile nimeifanya. Bamama balifua nguo za yaya René, na mi nikasema siwezi vaa saa yake na mambo yake yote ndani. Si heshima. Nimetoa jina lake, nimetoa kilo zake, moyo wake, fasi zote alitembea. Sasa iko mupya kabisa."

"Njia zake nazo?"

"Zote, shemeji. Hakubakia hata moja."

Alisema kwa fahari, na fahari yake ilikuwa ya haki. Ilikuwa imemchukua jioni nzima, maana saa ile ilikuwa kaidi, haifutiki kirahisi. Eugénie aliangalia kioo. Hakikuwa na kitu ila majira.

"Aksanti, Gaspard," alisema. "Ulifanya muzuri."

Alijaribu kumchukia, akamchukia kwa pumzi moja, kisha na hilo likamshinda. Gaspard aliomba maji, akanywa, akaenda kazini.

Siku chache baadaye Eugénie alimwambia Mama Arlène kwamba anaenda kununua uzi, akapanda minibasi hadi Lilongwe. Mwanzo aliukumbuka vizuri: stendi, barabara ya lami, kisha kuingia ndani penye mashine ya kusaga mahindi. Akaingia. Akapinda kushoto, akapinda tena, na miguu ikamtia moyo. Halafu akafika mahali ambapo kichochoro kilipasuka mara mbili, na kichwani mwake hapakuwa na mstari wowote. Alifumba macho autafute. Aliona rangi ya chungwa tu.

Pale kona mwanamke alikuwa akikaanga mandasi.

"Mukufuna ndani, amayi?" mwanamke alimuuliza, unamtafuta nani.

Eugénie akamweleza kwa Kichewa chake cha kuokoteza: mwanamume alianguka maeneo haya, ana mfuko wa nguo, wakampeleka hospitali kwa kabaza. Mwanamke alikumbuka mara moja. Ni kulia, alisema, karibu na choo cha shule ya chekechea. Mshona viatu aliyekuwa ng'ambo akainua kichwa: si kulia hata kidogo, ni kushoto, penye mtaro, yeye mwenyewe alishika miguu. Yule wa mtaroni alikuwa mlevi, mwanamke akasema. Wewe ndiye hujui, mshona viatu akajibu, siku ile hukuja kuuza. Mpita njia akasimama, akaongeza mahali pa tatu. Wote walikuwa na uhakika, na wote walitaka kumsaidia.

Hapo ndipo msiba ulipomuuma, na ulimuuma wazi, pasipo kuzungukazunguka. Siku zote zile alikuwa na mahali pale chini ya mkono wa blauzi yake, na hakufungua mdomo. Na kabla ya hapo, jioni zile zote, René alimwambia angalia, naye akageukia nsima. Mwanamke wa mandasi akafuta stuli kwa pindo la chitenje chake, akamsogezea.

Eugénie akakaa. Wakaendelea kubishana juu ya kichwa chake, kulia, kushoto, kwenye mtaro, karibu na choo, na hakuna aliyemuuliza mtu huyo aliyeanguka aliitwa nani.