Chupa Niliyoifungua Kila Asubuhi

Baba mukubwa, kaka wa baba yangu, alikufa wakati wa vita, na picha zake zote ziliungua pamoja na nyumba yake ya Nyangezi. Ilisalia moja tu, ndani ya kamera ya kuazima, kwenye filamu ya nyeusi na nyeupe ambayo bado haikuwa imeoshwa. Nilimpiga picha hiyo siku tuliyosherehekea shahada yangu ya kemia.

Ilikuwa moja kwa sababu yangu. Nilimsimamisha mbele ya nyumba yetu ya Nyalukemba, nikapima mwanga, nikapima tena, nikahamisha kiti, nikarudi kupima. Nilipobonyeza mara ya kwanza wageni walikuwa wameshaanza kula, naye akaenda zake.

Mjane wake, maman mukubwa, alitaka picha hiyo iwekwe mbele ya altare siku ya misa ya kuondoa matanga.

"Bila picha watu watakuwa wanalilia nani?" aliniambia. "Weye ulisomea madawa. Utaiosha."

Sikuthubutu kumwambia kwamba madawa niliyosomea yalikuwa ya ubaoni.

Studio nyingi zilikuwa zimeporwa. Nilimwendea muzee mmoja aliyekuwa bado anafungua yake, mlango nusu.

"Giza iko, maji iko," akasema. "Révélateur ndiyo haiko. Unitafutie, mutoto, nitakuoshea siku ileile."

Révélateur ndiyo dawa ya kwanza, ile inayoitoa picha kwenye filamu. Ikiwa mbovu, picha imekwenda, hakuna kurudia.

Nilitafuta, na kwa bahati mbaya nikapata mbili. Ningepata moja ningekuwa mtu mwenye raha. Kwanza masista walinipa kopo la poda kutoka nyuma ya kabati lao, halijafunguliwa, lakini lina kutu ukingoni na tarehe imefutika. Kisha mama mmoja mfanyabiashara akanivushia mto Ruzizi chupa ya dawa ya maji, katikati ya furushi la vitenge. Mpya kabisa, inang'aa kama maji ya chemchemi.

Mtu mwenye akili angeenda na chupa studio siku hiyohiyo. Mimi nilitafuta daftari. Kurasa za kushoto nikaipa poda, za kulia chupa. Poda imezeeka, lakini hakuna aliyeigusa. Chupa ni mpya, lakini nani aliona ikijazwa? Siku moja risasi zililia upande wa milima, tukajitupa wote sakafuni, na dada yangu akaniona nimekumbatia kitu.

"Wengine wanakimbia na watoto," akasema, "weye na chupa."

Ili nisikosee, kila asubuhi niliifungua chupa hiyo, nikainusa, nikamimina kidogo kwenye glasi, nikaitazama dirishani, nikairudisha. Baada ya wiki ikawa ya manjano. Nikaandika: "Nilijua!" Wiki ya pili ikafanana na chai. Nikajipongeza kwa uangalifu wangu.

Siku moja kabla ya misa, maman mukubwa alikuja kusimama mlangoni.

"Imetoka?"

"Bado ninachunguza, maman."

"Unachunguza ao unaogopa?"

Nilibeba kopo, chupa, filamu na daftari hadi studio. Muzee hakulitazama daftari. Aliinua chupa kwenye mwanga.

"Hii, ulikuwa unaifungua?"

"Kila siku, muzee. Kuona kama haijaharibika."

Alicheka mpaka akashika meza. "Hewa ndiyo inaharibu dawa, profesa! Uko kama mutu anayechimbua muhogo kila asubuhi aone kama unaota."

Akanionyesha chupa yake kuukuu, tupu ya dawa lakini imejaa vijiwe vya ziwani. Kila dawa ilipopungua alitia kijiwe, iliyobaki ipande hadi mdomoni, hewa ikose pa kukaa. Mimi, niliyejaza kurasa tisa za mtihani kuhusu oksijeni, nilitazama vijiwe hivyo, nikalificha daftari kwapani.

Alikoroga poda kwenye maji ya uvuguvugu. Nikashauri tutumie nusu, nyingine iwe akiba. "Yote," akasema. Kisha akakata ulimi wa filamu, ile ncha inayotokeza nje, isiyo na picha na iliyokwisha kupigwa na mwanga hata dawa nzima huigeuza nyeusi, akaugawa vipande viwili. Kimoja akakitia katika chupa yangu: kikawa kijivu, kama majivu ya jana. Kingine akakitia katika poda ya masista. Sikuwa nimemaliza Salamu Maria ya pili, kikawa cheusi tititi.

"Hii iko muzima."

Ndivyo dawa ilivyochaguliwa. Akajifungia gizani na filamu.

"Muzee, dakika ngapi?" niliuliza mlangoni.

"Zile utaniacha nihesabu!"

Kesho yake baba mukubwa alikuwa mbele ya altare, na chembechembe kidogo za filamu usoni, mkono juu, mdomo wazi, bila heshima yoyote ya marehemu. Baada ya misa watu walimzunguka.

"Lakini alikuwa anasema nini?" mmoja akauliza.

Maman mukubwa, ambaye hakuwa amecheka tangu mazishi, alininyooshea kidole.

"Anamuambia huyu: piga basi, njaa inatuua!"